Mbona Msichana wa Maigizo Yetu Hufa Kila Mara?

Wanachuo wenzangu, kama umewahi kuhudhuria kongamano la vijana, ibada ya Pasaka au mkutano wa injili kwenye shule ya sekondari, igizo hili unalijua. Msichana anatoka kijijini, mama yake anamwombea na kumfungia karanga kwenye kitambaa. Anafika chuo. Anapata rafiki mwenye kucha nyekundu, ambaye kwenye maigizo yetu ni lazima awe wakala wa shetani. Anakutana na mkaka mwenye gari la kuazima. Anaacha kwenda kwenye maombi. Anapata mimba, mkaka anazima simu, msichana anadisko. Anarudi nyumbani, baba anamfukuza, anaugua, anakufa. Muziki wa huzuni unapigwa, mhubiri anapanda na kipaza sauti.

Nimeliona igizo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Nimeigiza pia ndani yake. Mara mbili nilikuwa yule mama wa karanga. Watu wanacheka mwanzoni, wananyamaza katikati, wanapiga makofi mwishoni. Lakini hakuna anayeshangaa, kwa sababu tangu yule rafiki mwenye kucha nyekundu aingie jukwaani, ukumbi mzima unajua nani atakufa.

Swali langu ni la mtu anayesoma ualimu, anayependa riwaya, na ambaye Jumapili yuko kanisani. Sisi Wakristo tumelelewa na kitabu kilichojaa hadithi. Kwa nini basi tunaandika hadithi ambazo mwisho wake unajulikana kabla ya mwanzo? Katika makala haya nataka kueleza jinsi hadithi za Biblia zenyewe zinavyofanya kazi, zinavyotofautiana na maigizo yetu, na nini mwandishi kijana mwenye imani anaweza kujifunza humo na kwa waandishi wetu wa Kiswahili. Wewe ambaye si Mkristo usifunge ukurasa. Hadithi inayomhukumu mtu mapema ipo hata kwenye filamu zetu za Bongo na simulizi tunazosoma kwenye simu usiku badala ya kupiga msuli.

Kubuni na kudanganya

Tuanze na kikwazo cha kwanza. Ukimwambia mtu wa ushirika kwamba unaandika hadithi fupi, utaulizwa: ni ushuhuda? Ukijibu hapana, ni ya kubuni, unaona uso unabadilika. Hoja inayofuata unaijua: ushuhuda ni kweli, hadithi ni uongo, sasa Mkristo apoteze muda na uongo wakati shuhuda zipo tele?

Lakini uongo una masharti yake. Ili niwe nimekudanganya, lazima nitake uamini kwamba jambo limetokea wakati mimi najua halikutokea. Bibi akisema paukwa, nasi tukaitikia pakawa, hakuna aliyedanganywa. Tumekubaliana wote, anayesimulia na anayesikiliza, kwamba sasa tunaingia mahali ambapo sungura anaongea. Makubaliano hayo ndiyo yanayotenganisha kubuni na kudanganya. Tena ushuhuda, ambao tunauona salama, unaweza kuwa na uongo mwingi kuliko hadithi, pale mtu anapoongeza chumvi kwenye dhambi zake za zamani ili wokovu wake uonekane mkubwa.

Kuna jambo la historia ambalo wengi hatuambiwi. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alifika Unguja mwaka 1864, na baadaye akawa askofu. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa. Ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Lakini mwaka 1870 alichapisha kitabu cha ngano, Swahili Tales, alizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo yumo Sultani Darai, yumo na punda wa dobi. Mtu yuleyule aliyetafuta neno sahihi la kuandikia Injili alikaa pia akasikiliza hadithi za wanyama mpaka mwisho, akaziandika, akazipeleka kiwandani. Sidhani kama aliona anapoteza muda.

Nathani mbele ya mfalme

Sasa tuangalie hadithi moja ndani ya Biblia yenyewe, ile ya kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua mke wa askari wake, kisha amepanga askari huyo afie vitani. Nabii Nathani anatumwa kwake. Hebu jiulize: ungekuwa wewe Nathani, ungeanzaje? Ukianza na mashtaka, mfalme ana walinzi mlangoni na ana majibu tayari kichwani. Kila mkosaji ana wakili wake ndani ya kifua.

Nathani anaanza na habari ya watu wawili wa mji mmoja. Tajiri ana mifugo tele. Maskini ana mwanakondoo mmoja tu, anayekula naye na kulala naye kama binti yake. Tajiri anapata mgeni, anaona uchungu kuchinja wa kwake, anamchukua yule mmoja wa maskini. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu papo hapo. Hapo tu, baada ya mfalme kuhukumu kwa kinywa chake mwenyewe, Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Kwa mwandishi, hapa kuna mafunzo matatu ya kazi. La kwanza, ndani ya hadithi hakuna mahubiri. Kuna mwanakondoo, kikombe, mgeni, njaa. Vitu. Funzo linakuja nje ya hadithi, tena kwa maneno machache sana. La pili, msikilizaji anafanyishwa kazi. Daudi hakuambiwa cha kuhisi. Alihisi mwenyewe, na hicho alichokihisi ndicho kilichomshika. La tatu ndilo linalonikaa zaidi. Angalia kidole kinamwelekea nani. Bathsheba hayuko kwenye kizimba. Katika hadithi ya Nathani, anayefanana naye ni yule mwanakondoo aliyechukuliwa. Anayeshtakiwa ni mwenye nguvu.

Linganisha na igizo letu. Mkaka mwenye gari anatoweka onyesho la nne na hatumwoni tena. Baba aliyemfukuza mtoto wake usiku analia kidogo kwenye jeneza, tunamsamehe. Hukumu yote inamwangukia aliye dhaifu kuliko wote jukwaani. Nathani alielekeza hadithi yake juu, kwa mfalme. Sisi tunaielekeza chini, kisha tunasema tumehubiri.

Hadithi zisizofungwa

Kitu kingine ambacho msomaji wa haraka hakioni ni jinsi Biblia inavyoacha hadithi zake wazi. Kitabu cha Yona kinaishia kwenye swali. Nabii amekaa juani, amekasirika kwa sababu Ninawi imesamehewa, Mungu anamuuliza kama hapaswi kuuhurumia mji mkubwa namna ile pamoja na wanyama wake. Basi. Yona alijibu nini? Hakuna anayejua. Swali limebaki hewani ili wewe ulijibu.

Mfano wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15, nao ni hivyohivyo. Sisi tunaukumbuka kwa yule mdogo aliyetapanya mali, lakini onyesho la mwisho si lake. Mwishoni kaka mkubwa amesimama nje, ngoma inasikika ndani, baba ametoka kumbembeleza. Aliingia au alibaki nje? Yesu hasemi. Na ukikumbuka kwamba waliokuwa wakisikiliza ni watu wa dini walionung'unika kwa sababu anakula na wenye dhambi, unaelewa kwa nini hakumaliza. Wao ndio walikuwa nje ya mlango. Mwisho ulikuwa mikononi mwao.

Na yule mdogo? Hakufa. Hili ni la kusisitiza, kwa sababu angekuwa kwenye igizo letu tungemwulia zizini, na mhubiri angepanda. Katika Luka anarudi akiwa ananuka nguruwe. Kuna mtu atasema: kwa hiyo unataka dhambi isiwe na matokeo? Hapana. Urithi wake umekwisha na hautarudi. Ndugu yake hamtaki. Daudi naye alisamehewa, lakini nyumba yake iliyumba mpaka uzeeni. Matokeo yapo, tena mazito. Ila matokeo na kifo cha jukwaani ni vitu viwili tofauti. Matokeo ni kitu ambacho mtu anaamka nacho kesho yake asubuhi na inabidi aishi nacho. Kifo cha jukwaani kinatuondolea hiyo kesho.

Biblia pia ni maktaba, ina tanzu nyingi, na kila utanzu una sauti yake. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, hakuna shukrani ya kufungia. Kitabu cha Esta, katika maandishi yake ya Kiebrania, hakimtaji Mungu hata mara moja, na bado kimewekwa humo. Kumbe hadithi inaweza kuwa ya imani bila jina la Mungu kuandikwa kila ukurasa. Mwandishi kijana anayeogopa kwamba hadithi yake haina mistari ya kutosha ya Biblia akasome Esta, atapumua.

Waliotutangulia

Fasihi ya Kiswahili haijawahi kuiogopa dini. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wosia uliojaa imani ya Kiislamu, na ndani yake kuna mambo ya ndoa na ya nyumbani ambayo mama anamwachia mwanawe. Karne iliyofuata Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, alichukua umbo hilohilo la utenzi, lililokomaa mikononi mwa Waislamu wa pwani, akatunga kwalo Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Sisi wa ualimu tunamjua zaidi kwa ngonjera, lakini kwangu somo lake ni hilo la kwanza: alijifunza ufundi kwa majirani wa imani nyingine, na hakupungukiwa na chochote.

Lakini anayenihusu zaidi kwenye mada hii ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Jina lake limetoka kwenye litania ya Bikira Maria. Ni moja ya majina anayoitwa Mama wa Yesu. Na riwaya yenye jina hilo takatifu ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa sababu ya mambo inayoyasema wazi juu ya msichana na mwili wake.

Kwa juujuu, Rosa ni msichana wa igizo letu kabisa. Binti wa kijijini, shule ya bweni, wanaume, mimba, kuanguka. Utaniambia: na Rosa naye si anakufa? Ni kweli, anakufa, tena vibaya. Kwa hiyo kifo chenyewe sicho ninachokilalamikia. Tofauti iko kwenye kile kinachotangulia kifo na kile kinachokifuata.

Kinachotangulia ni baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, anayemchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamlea kwa woga, hamfundishi kitu. Rosa anapofika mahali ambapo baba hayupo, hana kitu cha kujilinda nacho, maana maisha yote kilichomlinda ni fimbo, na fimbo imebaki nyumbani. Kezilahabi anatuonyesha sababu, moja baada ya nyingine, mpaka tunaona kwamba anguko la Rosa lilikuwa na mafundi wengi. Na kinachofuata baada ya kifo ni kwamba mwandishi hafungi kesi. Anampeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na huko mabishano ya nani alaumiwe ndiyo yanaendelea.

Ukifunga kitabu hicho hulali vizuri. Unamfikiria baba yako, shule uliyosoma, dada yako mdogo. Igizo letu likiisha tunatoka ukumbini wepesi, tunanunua soda. Hapo ndipo ninapopimia. Kuna kifo cha mhusika kinachomwachia mtazamaji mzigo, na kuna kifo kinachomtua mzigo wake. Hiki cha pili ndicho kimejaa kwenye maigizo yetu. Msichana anakufa ili sisi tuliobaki tujione wazima.

Aliyerudi

Mpaka hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wasomi wa fasihi, igizo ni igizo tu. Nieleze basi kwa nini nadhani kuna watu wanaumia.

Kwa miaka mingi nchini kwetu mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule na safari yake ya darasani ikaishia hapo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Kwa hiyo leo msichana wa namna hiyo yupo darasani. Amevaa sare, ana daftari, anajibu maswali ya ngeli. Sheria za shule zimeshamfungulia mlango, lakini maigizo yetu bado yanamzika.

Nikiwa TP, yaani mafunzo ya ufundishaji kwa vitendo, kwenye shule moja ya kata, nilimfundisha mmoja wao Kiswahili Kidato cha Tatu. Ijumaa moja kipindi cha dini, wanafunzi wenzake waliigiza igizo lile lile tunalolijua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Msichana wa jukwaani alipoanguka na kufa, nusu ya ukumbi waligeuka wakamwangalia yeye, aliyekaa nyuma. Hakutoka. Aliinamisha kichwa akawa anakwangua kucha zake mpaka sala ya kufunga.

Jumatatu alikuja na daftari lake la insha, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Madam, hivi yule angepona, shule ingempokea?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nililipa darasa zima zoezi la insha: igizo liendelee, msichana apone, andika siku yake ya kwanza kurudi shule. Ukurasa mmoja. Nilichopata kilinifundisha kuliko lekcha nyingi. Mvulana mmoja ambaye kwa kawaida huandika mistari mitatu aliandika kurasa mbili, juu ya baba wa mtoto anayeuza simu yake na kusimama nje ya nyumba ya wakwe akiwa na mfuko wa nguo za mtoto, anaogopa kubisha hodi. Mwingine aliandika juu ya mwalimu wa zamu anayepita jina la msichana kwenye daftari la mahudhurio kwa sababu alishalifuta. Vijana wale wale waliomwua Ijumaa walijua mengi sana juu ya kuishi, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na yeye mwenyewe aliandika nusu ukurasa. Aliandika kuhusu kuamka saa kumi alfajiri, kumwogesha mtoto na kumwacha kwa bibi. Kuhusu sare inayobana kifuani. Kuhusu maziwa kuvuja kipindi cha tatu, na kuvaa sweta juani ili wenzake wasione. Hakuandika neno dhambi wala neno neema. Lakini niliposoma ile sweta, nilielewa aibu na ujasiri kuliko nilivyowahi kuelewa kwenye mahubiri yoyote. Ameniruhusu nisimulie haya bila jina lake wala la shule.

Hiki ndicho kilichoko hatarini. Tunapoandika hadithi, tunawaambia watu walioketi ukumbini ni njia zipi zipo. Kama kila siku tunamwonyesha aliyeanguka njia moja tu, ya kaburini, tusishangae siku akiamini kwamba hakuna nyingine. Na hiyo siyo Injili. Injili ninayoijua mimi inamtaja mtu aliyekuwa amekufa naye amekuwa hai.

Namna ya kuanza

Kwa wale wenye kalamu kwenye ushirika wetu, na wale wanaoandika kimyakimya wakaficha kwenye simu, nina mambo machache ya vitendo. Ni ya mwanafunzi kwa wanafunzi wenzake.

Kwanza, soma. Najua hali ya chuo. Kusoma kwetu ni kwa ajili ya mtihani, pdf ya mhadhiri inafunguliwa wiki ya mwisho, na anayeonekana na riwaya pale kwenye vimbweta anaulizwa kama hana asaimenti. Lakini mwandishi asiyesoma ni kama mpishi asiyeonja. Kurasa kumi kwa siku zinamaliza riwaya ya kawaida ndani ya mwezi. Biblia nayo isome kitabu kizima kwa mara moja. Yona ina sura 4, Ruthu 4. Zote mbili zinaisha kabla chai haijapoa. Ukisoma mstari mmoja mmoja wa kubandika kwenye hali ya WhatsApp, hutaona kamwe jinsi hadithi ilivyojengwa.

Pili, mpe kila mhusika sababu yake. Yule rafiki mwenye kucha nyekundu anataka nini? Amelipiwa ada na nani? Anaogopa nini usiku? Ukishajua, hutaweza tena kumfanya shetani, na hadithi yako itapata joto. Kama tunaamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi mhusika asiye na utu ni kosa la imani kabla hajawa kosa la fasihi.

Tatu, angalia kidole chako kinaelekea wapi. Katika hadithi yako ni nani mwenye nguvu, na je, naye anahojiwa? Baba, mkaka, mchungaji, kiongozi wa ushirika, hata mwandishi mwenyewe?

Nne, toba iwe na muda. Kwenye maigizo yetu mtu anaombewa, anaanguka, anasimama akiwa mpya, dakika mbili. Anaweza kubadilika hivyo, simkatalii Mungu. Lakini mwandishi ana kazi ya kuonyesha Jumatatu inayofuata, deni la duka bado lipo, na mama bado hajibu salamu.

Tano, hubiri lako liweke nje ya hadithi. Kama mchungaji yupo ukumbini, mwachie kazi yake. Ukijikuta mhusika wako anasema sentensi ambayo ungeiona kwenye bango la mkutano wa injili, ifute uone kama hadithi inaumia. Mara nyingi haiumii.

Mwisho, mpe mtu asome kabla hujaipeleka jukwaani, hasa mtu anayefanana na unayemwandika. Kama igizo lina msichana aliyejifungua, na hakuna hata mmoja aliyejifungua aliyeliona kabla, kuna kitu kitakosekana. Sisi tusiojua hatungewahi kuifikiria ile sweta.

Najua maandalizi ya Pasaka huanza mapema, na pengine muswada wa mwaka huu umeshachapwa, karanga zimeshafungwa kwenye kitambaa. Ombi langu kwa kikundi cha maigizo ni dogo. Ongezeni onyesho moja. Ni asubuhi, geti la shule liko wazi nusu, msichana amesimama na begi lake, mlinzi anamtazama, kengele inalia. Msiandike kwanza anachosema mhubiri. Andikeni anachosema mlinzi. Halafu amueni pamoja, kwa maombi na kwa ubishi, kama geti litafunguka lote, na ni nani atakayelisukuma.